Mzimu Unauliza Kama Maji Yamerudi

Jumatatu, 8 Septemba

Athman anahamia Mombasa. Ni yeye hakimu wa chama chetu cha wapenzi wa anime, zile katuni za Kijapani, tunaokutana kila Jumamosi chumba cha juu pale Adams Arcade. Hakimu hukalia kiti chenye mikono, hushika maikrofoni na kutoa alama kwa kumi. Akisema nne, ni nne. Nakitaka kiti hicho kuliko kupandishwa cheo kazini, na kazini nimesubiri miaka saba.

Athman amesema kitarithiwa na atakayehukumu vizuri zaidi Mpelelezi wa Kaburi la Saba. Sehemu kumi na mbili, mizimu na mauaji. Tunashindana wawili: mimi na Nyakio. Yeye ni mwalimu, ana kalamu za rangi nne. Namwonea huruma.

Jumanne, 9 Septemba

Hila ya kwanza. Nimemwambia Nyakio kwa upole kwamba sehemu ni sita tu, asijichoshe. Akanishukuru. Akasema alimaliza zote kumi na mbili Jumapili, sasa anarudia. Huyu mwanamke ana roho mbaya.

Mchana nikateremka mjini kwa Abdulfatah, muuza filamu. Akauliza naitaka ya kusoma maandishi chini ya skrini au ya kusikiliza. Nikamwambia mtu wa ofisi za Upper Hill hana muda wa kusoma. Akanijazia fleshi. "Hii imetiwa sauti ya Kiswahili, ndugu yangu, hutajuta."

Jumatano, 10 Septemba

Nimetazama sehemu nne kazini, fomu za bima nikizipanga ukuta mbele ya kompyuta. Ajabu! Mpelelezi anaitwa Kanyoro. Sikujua Japani nako kuna akina Kanyoro. Mzimu ni mwanamke aliyelowa chepechepe, nywele usoni. Anachomoza kwenye bafu, anamkazia macho mpangaji, anauliza, "Maji yamerudi?" Nilicheka hadi bosi wangu Shiru akaja kuuliza kuna nini. Nikasema kuna mteja amefariki. Hakuondoka haraka.

Uandishi wa kina sana huu. Unagusa mgao wa maji wa Tokyo bila kuhubiri.

Kasoro moja tu. Chini ya skrini kuna maandishi ya Kiingereza, na hayapatani na sauti hata kidogo. Kanyoro anasema ameacha githeri mekoni. Maandishi yanadai anamkumbuka dada yake. Aliyeyaandika hajui Kijapani. Nimeyaziba kwa seloteepu nyeusi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemaliza! Kumbe mzimu ni mke wa keateka, yule mtunza nyumba za kupanga kwenye ploti, mke aliyekataa kurudi Nyahururu hata baada ya kufa. Kanyoro akapiga magoti mvuani, akalia dakika nne nzima. Kumlilia hivyo mke wa keateka, mtu asiye ndugu yake! Nami nililia kidogo. Nimeandika kurasa tano.

Nimeazima koti kwa shemeji yangu wa Kitisuru. Yeye ni mlinzi wa geti, ila koti ni la mwenye nyumba.

Jumamosi, 13 Septemba

Nyakio alitangulia. Alisema mvua imechorwa vizuri mno, lakini sehemu ya saba ilifanywa mbio mbio. Tena mpelelezi anayeweza kumuuliza marehemu kauawa na nani, huyo hapelelezi chochote. Ila mwisho aliupenda, mpelelezi anapogundua mzimu ni dada yake aliyezama. Saba kwa kumi. Makofi.

Dada! Nilijua kiti ni changu. Mwalimu mzima na hadithi imempita.

Nikasimama na koti langu. Nikasoma habari za maji, githeri, Nyahururu. Halafu vicheko, nikadhani wamefurahi. Nyakio akaniuliza taratibu, "Njuguna, kwani wewe uliwatch gani?" Nikajitetea kwamba maandishi yale ni ya uongo, ndiyo maana niliyaziba kwa seloteepu. Hapo Athman akalazimika kukaa chini kwa kucheka.

Ndipo Haron akainua mkono. Haron hutupangia spika na kutuletea chai; sijawahi kumsikia akiongea. Alisema huku akitazama viatu vyake: "Boss, hiyo sauti ni yangu. Mimi ndio huongelelea movie za Abdulfatah. Kijapani sijui. Naangalia tu picha nasema chenye naona. Hiyo ya Nyahururu nilijaza, nilikuwa nimechoka."

Kiti akapewa Nyakio. Niliona aibu hadi masikio yakaniwaka. Haron akanifuata ngazini. Akasema hakuna mtu amewahi kuandika hata mstari mmoja juu ya kazi yake, je, ningempa zile karatasi? Nikamnyima. Mtu hajafika hata Namanga mpakani, anataka sifa za Wajapani.

Jumapili, 14 Septemba

Nimewaza wakati wa mahubiri. Haron ametumwa na Nyakio. Kila Jumamosi humwachia chenji ya chai; hayo ndiyo malipo.

Jumanne, 16 Septemba

Athman amenipigia. Nyakio atahitaji naibu, nami nitafikiriwa nikihukumu vizuri msimu wa pili. Akanisihi nitazame ya kusoma. Nikamwahidi, nikaenda moja kwa moja kwa Abdulfatah kuchukua ya kusikiliza. Haron alikuwa amekaa pale nyuma na maikrofoni yake, anapenga kamasi kwa mafua. Nikampita kama simjui.

Sehemu ya kwanza, dakika ya tatu. Kanyoro amesimama mvuani. Anageuka polepole, ananitazama machoni. Sauti yake imekwama puani kidogo, bila shaka kwa sababu ya mvua. Anasema, "Njuguna wa Upper Hill, toa hiyo seloteepu, soma hapo chini."

Nikasimamisha picha. Machozi yakanitoka, sioni haya kuandika. Huko Tokyo kote na pilikapilika zao, na bado jina langu wanalijua.

Nimeongeza seloteepu ya pili juu ya ile ya kwanza. Sitaki kitu kinipotezee hata neno moja.