Katiba ya Meza ya Dirishani

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimepata silaha! Mwalimu wa historia ametufundisha kwamba wazee walioandika katiba ya nchi hawakuitoa mfukoni kama leso. Waliikuta ikiishi majumbani. Ile ibara isemayo mjumbe hasemi mara ya pili kabla wote hawajasema mara ya kwanza ilitoka kisimani: hakuna aliyejaza ndoo ya pili kabla wenzake hawajajaza ya kwanza.

Kamusi, kiranja wetu ajuaye kila kitu, akapinga. Eti katiba yetu ilinakiliwa kutoka nchi nyingine, hata baba yake anajua. Mwalimu akamjibu kwamba nguo unaweza kuazima, lakini mwili wa kuivaa ni wako. Tulipiga makofi. Mimi zaidi.

Kazi ya wiki: kuandika katiba ya nyumbani, kila ibara itokane na desturi ya kweli, na wote wa nyumba waitie sahihi Jumapili. Itakayoshinda itasomwa mbele ya shule.

Nimewaza hivi. Kama desturi ndiyo mama yake sheria, basi mwenye kuizaa desturi ni bibi yake sheria. Yaani mimi. Meza ya dirishani! Kaka yangu ameijaza maredio mabovu tangu mwaka jana, eti fundi. Mimi nasomea kitandani, daftari gotini, na mtihani wa taifa umebakiza miezi mitatu. Nikiikalia siku tano mfululizo, hiyo ni desturi. Jumapili itakuwa sheria. Sitarudi nyuma.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeamka kabla ya jogoo. Nimeshusha maredio sakafuni kimyakimya. Nimekaa. Raha!

Bibi akasikia kiti. Akasema maadamu nimeshaamka, nimtekee maji na niyaweke jikoni yachemke. Ombi dogo. Niliporudi, Kaka alikuwa mezani, bisibisi mkononi, akiuliza ni mwizi gani huyu anayeiba nafasi na kuacha redio. Nikamwomba aniachie asubuhi tu. Akauliza yeye atapata nini. Tumekubaliana nimpigie pasi shati lake la kwendea kwa wateja.

Nimekaa mezani dakika ishirini. Desturi imezaliwa.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Maji. Pasi. Jioni Mama akasema kama nina nafasi ya kukaa dirishani kama bibi harusi, basi nina nafasi ya kuosha masufuria. Nikaosha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama.

Mezani: dakika kumi na moja.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Jana sikuandika. Masufuria yalikuwa mawili zaidi.

Kamusi ameshafika ibara ya arobaini, na amechora ngao. Aliniuliza mimi nina ngapi. Nikamwambia yangu muhimu ni moja tu. Akanipa pole. Pole yake ilinichoma.

Mezani leo: dakika nne, kisha usingizi ukanichukua. Kaka alinifunika kitambaa cha redio. Hata hivyo, kulala mezani nako ni kukaa mezani.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mkutano Mkuu umefanyika sebuleni. Wajumbe wanne: Bibi (mwenyekiti), Mama, Kaka na mimi (mwandishi). Ibara ya kwanza tuliitoa kwenye katiba ya nchi, ile ya kutosema mara mbili. Bibi alisema hatukuazima chochote. Yeye mwenyewe alipanga foleni kisimani na ndoo mbili, na nchi ndiyo iliyomwigiza bila kuomba ruhusa.

Nikasema neno langu: mahali ambapo mtu amepakalia siku tano kwa desturi, pawe pake.

Bibi akaita ushahidi. Kaka akasema kweli aliniona mezani, nikikoroma. Na kwamba desturi ya mwaka mzima ya maredio haiwezi kupigwa mweleka na desturi ya siku tano. Lakini shati, akasema, hilo ameliona limenyooka kila siku bila kukosa. Mama akasema masufuria pia. Hajawahi kuona desturi iliyoshika mizizi haraka namna ile. Bibi akashuhudia kuhusu maji. Akasema: mwandishi, andika.

Nilitaka kupinga! Lakini nilikuwa nimeshasema mara moja, na Bibi alikuwa hajamaliza zamu yake. Alisema taratibu. Alisema mpaka maji yakachemka. Aliyeyachemsha ni mimi.

Kwa hiyo, kwa mwandiko wangu mzuri: Sisi, watu wa nyumba hii, tunatamka kwamba maji ya alfajiri, pasi na masufuria ni kazi ya binti wa nyumba. Meza ni ya maredio. Katiba haitabadilishwa ila kwa kura tatu kati ya nne.

Nimetia sahihi. Kalamu yenyewe ilikuwa yangu.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimeshinda! Mwalimu amesema ni mimi peke yangu niliyethibitisha kwamba sheria hutoka katika mazoea, tena ushahidi hauna shaka. Imesomwa mbele ya shule nzima. Walicheka hadi mpishi akatoka jikoni kutazama. Kamusi alininong'oneza kwamba yake imenakiliwa, sawa, lakini haimwosheshi masufuria. Wivu huo.

Hata hivyo bado sina meza. Lakini nimeisoma upya katiba yangu, na mlango upo wazi: kura tatu! Yangu ninayo. Zimebaki mbili. Nimeshaanza kampeni. Mama nimemwahidi kumfulia mashuka, na Kaka nitampelekea maredio kwa wateja wake.

Ni wiki moja tu. Wiki moja haiwezi kuwa desturi.