Kabati Lililokwenda Ng'ambo

Inatangazwa kwa wananchi wote, wapende wasipende, kwamba Idara yetu imeondoa malalamiko ya umma kwa asilimia mia moja, na kwamba malalamiko hayo yameondoka nchini kwa meli, nauli ikiwa imelipwa na mnunuzi. Mimi ni Katibu wa kamati iliyosimamia kazi hiyo. Naeleza ilivyokuwa, kabla wasiokuwepo hawajaanza kueleza.

Ilianza Mkurugenzi aliporudi kutoka semina. Ghala letu lilikuwa limejaa viti vya miguu mitatu, mashine za kuchapa zisizo na herufi A, na makabati ya chuma. Semina ilimfundisha kwamba siku hizi kuna mnada wa mtandaoni, ambako mtu wa ng'ambo hushindania kitu asichowahi kukigusa.

"Huko kuna watu," alituambia, "wanaopenda vibovu vyetu kuliko sisi tunavyopenda vizima vyetu."

Tukaunda Kamati ya Uratibu wa Wanunuzi wa Ng'ambo. Wahudumu wa ofisi wakaifupisha, ikawa KUWANGA. Siku ya tatu tulitoa waraka wa kukataza ufupisho huo, na waraka ukasainiwa na Mwenyekiti wa KUWANGA.

Katika kamati nzima hapakuwa na aliyewahi kumuuzia mtu wa ng'ambo hata kijiko. Kwa hiyo tulimwita Mama Maboksi, mjane anayeuza redio, kamera na saa za zamani kupitia minada hiyohiyo, akiwa sebuleni kwake, katikati ya maboksi yaliyompa jina. Barua ya wito ilisema anakuja kupewa mwongozo.

Alipoingia, Mkurugenzi, ambaye kwa umri angeweza kuwa kifungua mimba wake, alisubiri aamkiwe. Mama Maboksi naye alisubiri. Tulikaa hivyo kama dakika mbili, hadi nilipomwamkia mimi kwa niaba ya Idara.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Na Idara nayo, marahaba."

"Tueleze unavyofanya," alisema Mkurugenzi, "ili tujue pa kukurekebisha."

"Mimi naanza na mikwaruzo. Naipiga picha, mmoja mmoja. Mtu wa mbali hana mkono wa kupapasa, macho yake ni wewe. Ukimficha kovu atalikuta tu, na hapo kitu kinarudi, jina lako linabaki huko."

"Mali ya Idara haina mikwaruzo. Katibu, andika: ina uzoefu."

Nikaandika.

"Uzito napima kabla ya mnada, siyo baada," aliendelea. "Naweka wazi nchi ninazotuma, na kwamba ushuru wa forodha ya kwao ni juu yake. Akiuliza, namjibu siku ileile kwa maneno mafupi, maana huenda mashine ndiyo inamtafsiria. Picha ya risiti siyo malipo. Situmi kitu mpaka niyaone yameingia. Akinilipa zaidi ya bei halafu akaomba chenji kwa njia nyingine, huyo mwizi, namwacha. Na wapo wanaotaka niandike kwenye fomu ya forodha kwamba ni zawadi. Nakataa. Naandika kilichomo."

"Kilichomo," Mkurugenzi alirudia, kama mtu anayeonja dawa.

Mama Maboksi akafunga daftari lake. "Haya. Na faili langu, wanangu?"

Hapo lazima nifafanue. Marehemu mumewe alimwachia nyumba, na hati ya nyumba hiyo aliileta kwetu kwa uhakiki wa siku tatu. Siku ya tatu ilikuwa imeingia mwaka wa saba. Shemeji zake, walipoona hana karatasi mkononi, walikuwa wameanza kuja kwake na kamba kupima madirisha.

"Linatafutwa," nilimjibu, kama mwongozo unavyoelekeza.

"Sawa, baba. Tafuteni," alisema, akaondoka polepole akishika ukuta.

Wiki iliyofuata tukatangaza bidhaa ya kwanza: kabati la chuma, droo nne, limefungwa, lina uzoefu. Ufunguo wake ulikuwa umepotea tangu enzi za Mkurugenzi wa kabla ya aliyepita. Aliyevutiwa nalo alikuwa mkutubi mstaafu wa nchi ya mbali, aliyejifunza lugha yetu ujanani na kuiandika kwa hadhari, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Samahani," aliandika, "je, droo zinafunguka?"

Baada ya siku kumi na moja tukamjibu: "Swali lako limepokelewa."

"Asante. Je, kabati lina uzito gani?"

"Wa kutosha."

Mkutubi, ama kwa ujasiri au kwa upweke, akaongeza dau akashinda. Tukabaki na fomu ya forodha, yenye nafasi ya kujaza yaliyomo. Hakuna kati yetu aliyejua, na kumwita fundi wa makufuli kulihitaji idhini ya kitengo kilichokwisha kufutwa. Kamati ilikaa saa nne, ikajaza neno moja: Hewa. Wabebaji sita walilipandisha kwenye lori. Mmoja wao, akishika kiuno, alisema hewa hiyo lazima ni ya zamani sana.

Miezi miwili ikapita, ukaja ujumbe.

"Ndugu Katibu. Kabati limefika salama. Fundi amelifungua. Hewa yenu ina mafaili mia tatu na kumi na sita, na mengi ni barua za watu wanaolalamika kwamba mafaili yao yamepotea. Niyarudishe?"

Mkurugenzi alizunguka meza mara tatu. "Tukisema ndiyo, tumekiri tuliyapoteza. Tukisema hapana, tumekiri tulikuwa nayo. Mwandikie kwamba Idara inamtakia matumizi mema ya bidhaa."

Nikamwandikia. Akajibu: "Basi nitayatumia vyema."

Kumbe mtu aliyekaa maktaba miaka arobaini haoni karatasi imekaa pasipo pake akalala usingizi. Aliyapanga mafaili yote juu ya meza yake ya chakula. Akagundua kwamba hati ya fulani ilikuwa ndani ya faili la fulani mwingine, na cheti cha huyo mwingine kilikuwa kimetumika kuwekea alama ukurasa. Kila karatasi ambayo alimjua mwenye nayo akaitia kwenye bahasha, akaipeleka posta.

Asubuhi moja Mama Maboksi akaja dirishani kwangu.

"Faili langu mmelipata?"

"Linatafutwa."

"Acheni kutafuta." Akainua hati ya nyumba yake, nami nikaitambua sahihi ya marehemu mumewe kwa kuwa nimeitafuta miaka saba. Alinisimulia kwamba shemeji zake walikuja na kamba yao, akawasomesha hati kupitia nondo za dirisha bila kuiachia, wakasoma hadi chini, wakaikunja kamba. Alikuwa akitabasamu, lakini miwani yake ililowa, akaivua akaifuta kwa upindo wa nguo.

"Na yule bwana alinipa namba ya kufuatilia bahasha," alisema. "Nikaiona inavyokuja, nchi kwa nchi. Ninyi, mwanangu, mko mtaa wa pili."



Habari zikaenea. Watu wakaacha kuja kwetu, wakawa wanamwandikia mkutubi moja kwa moja. Foleni iliyokuwa ikifika hadi barabarani ikafika mlangoni, halafu ikafika kwa mtu mmoja, ambaye tulipomuuliza alisema anasubiri mvua ikatike. Mkurugenzi akaandika taarifa kwamba malalamiko yamekwisha. Juu huko wakaisoma, wakafurahi, wakampendekezea cheo cha juu zaidi. Wakaja wajumbe watatu wa uhakiki na jambo moja dogo: waone cheti chake halisi cha shule.

"Kimo kwenye faili lake," alisema mtunza kumbukumbu. "Na mafaili ya watumishi wa zamani tuliyahamishia kwenye lile kabati la droo nne."

Sijawahi kuona mtu akipoteza rangi kwa utaratibu namna ile, ilianzia masikioni. Mkurugenzi akaniamuru nimwandikie mkutubi arudishe faili hilo bila kulifungua. Jibu likaja siku ileile. Kwa kuwa kanuni yetu inataka barua za wanunuzi wa ng'ambo zisomwe mbele ya kikao, nami ni mtu wa kanuni, nilisimama nikaisoma mbele ya wajumbe, ofisini mwa Mkurugenzi.

"Ndugu Katibu. Faili la Mkurugenzi nililishughulikia mwezi uliopita. Cheti kilichokuwemo kilipakwa wino mweupe mahali pa jina. Mwanzoni nilidhani ni bahati mbaya. Nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha nikalisoma jina la chini yake, nikaiandikia shule, nao wakanipa anwani ya mwenye cheti. Nimemrudishia. Hakuna haja ya kunishukuru."

Nilipoinua macho, kiti cha Mkurugenzi kilikuwa kitupu, na mlango wa choo chake umefungwa kwa ndani.

Hatukukaa sana akaingia mtu mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya cheche, bahasha kaibana kwapani. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alisema alikuwa wa kwanza darasani mwaka ule, na kwamba cheti chake alikileta kwenye Idara hii kuombea kazi ya karani. Akaambiwa kimepotea, arudi kesho. Alirudi kesho kwa miaka miwili, halafu akajifunza kuchomelea.

"Sikuja na ugomvi," alisema. "Nataka tu kumwona aliyekuwa mimi. Nijue nilikuwa naendeleaje."

Wajumbe wakanitazama.

"Mkurugenzi yuko kwenye kikao cha dharura," nilisema.

Maji ya choo yakavutwa, kwa mara ya tatu.

Fundi akausogelea mlango, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akapitisha mkono kwenye bawaba kama daktari anayetafuta mshipa.

"Chuma chembamba hiki," alisema. "Kikao kikichelewa, vifaa vyangu viko hapo nje."

Mwenyekiti wa uhakiki, mama mtu mzima, akafunga kalamu yake.

"Vilete, fundi," alisema.