Kibali cha Njaa

Uvumi niliupata kwa muuza mitumba, na tangu siku hiyo haukunitoka kichwani: eti mjini mgeni haruhusiwi kula mgahawani mpaka apate Kibali cha Njaa. Nikafua, nikapiga pasi, bado umenikaa. Sasa nimetoka huko, siku tatu kwa binti yangu, na ninawatangazia akina mama wote kwamba uvumi ule ulikuwa na kasoro. Jambo ni kubwa zaidi. Kuna idara nzima.

Inaitwa Idara ya Mizunguko na Ulaji wa Wageni. Ghorofa ya nne, lifti ni ya watumishi.

Binti yangu anashona kiwandani na mapumziko yake ni saa moja tu mchana. Siku mbili tulitafuna mikate chumbani kwake kwa kuogopa sheria. Siku ya mwisho nikasema hapana, leo tukae mezani kama watu, vyombo aoshe mwingine. Tukapanda ngazi.

"Mama, njaa yako ni ya daraja gani?" karani akaniuliza kwa adabu.

"Ya kawaida tu, mwanangu."

"Ya kawaida haipo. Kuna ya awali, ya kati na ya dharura. Ya dharura inahitaji ushahidi wa kuzimia."

"Nizimie hapa?"

"Hapana, mama. Kwenye benchi. Hapa ni mapokezi."

Utaratibu mzuri, sikuona kosa. Nikaandika ya kati. Akanipa ramani: mgahawa uko ng'ambo ya barabara, lakini sisi tulipaswa kupitia vituo vitatu vya basi, kwa sababu mgeni akivuka moja kwa moja anaonekana mwenyeji, na huo ni udanganyifu.

"Mama, twende zetu bwana," binti akanong'ona. "Zimebaki dakika thelathini na tano."

"Nyamaza. Unataka nikamatwe na kijiko mdomoni?"

Mkurugenzi akatoka ofisini kwake, anaelekea kula. Akaitazama fomu yangu akiwa amesimama.

"Njaa hii haijakomaa. Rudini kesho."

Kesho asubuhi nina basi. Binti akainamisha kichwa. Mimi sikubishana na mkubwa, ila nilimwona macho mekundu, kola imekunjamana, nikamwonea huruma.

"Mwanangu, mbona umechoka hivyo? Unalala wapi wewe?"

Akacheka kwa fahari. "Mama, kitanda changu nakisikia kwenye simu. Leo semina ya kupokea wageni, kesho kongamano la wageni. Mwaka huu sijalala mji huu siku kumi mfululizo."

Karani akaacha kuandika. Akatazama ukutani, kwenye kanuni iliyosainiwa na Mkurugenzi mwenyewe: mgeni ni yeyote ambaye hajalala mjini siku thelathini mfululizo.

"Samahani, mzee. Wewe ni mgeni."

"Nani?"

"Wewe, mzee. Na mgeni hatii saini vibali. Kwa hiyo wote uliowakataa ni kama hujawakataa."

"Sawa, nikitoka kula tutaongea."

"Kula wapi, mzee? Njaa yako ni ya daraja gani?"

Watu kumi na wawili aliowahi kuwakataa wakainuka kwenye benchi taratibu, wakachukua mifuko yao. Mlinzi akamwonyesha mzee nafasi, kwa heshima zote. Kibali chake kinasubiri saini ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi, kwa mujibu wa daftari, yuko safarini.

Sisi tukavuka barabara moja kwa moja. Binti alikula wali dakika kumi na nane, akicheka mpaka akapaliwa.

Mkienda mjini, epukeni haya:

Kushuka kituo msichokijua kwa kuwa wengine wameshuka.

Kumuuliza njia mtu anayekimbia.

Meza ya karibu na choo, hata mkiambiwa ndiyo yenye upepo.

Chakula ambacho mhudumu anakisifia huku anatazama pembeni.

Kumhurumia mkubwa kimoyomoyo. Mhurumieni kwa sauti, karani asikie.