Uji wa Wimbi Kwenye Treni ya Juu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Addis Ababa! Mimi, Salesio wa Kianjai! Binti yangu Kawira amejifungua msichana hospitalini. Mama mzima, mtoto mzima. Asante Mungu. Mume wake, Gedion, amenipa kitanda chake. Yeye analala kwenye kochi. Mkwe wa dhahabu.

Tatizo ni moja. Mama yake Gedion naye amekuja. Winfred Ciakuthii wa Ishiara. Desturi inasema msichana wa kwanza achukue jina la mama wa baba. Ciakuthii! Na mke wangu Kaari je, aliyebaki nyumbani na ng'ombe? Amenifungia unga wa wimbi nimpikie Kawira uji. Winfred ameleta unga wa mawele. Nimeamua: uji wetu utafika kwanza, moyo wa Kawira utalegea, mtoto ataitwa Kaari.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Gedion alisema tumngoje atoke kazini atupeleke sote. Kungoja nini? Nikapika, thamosi kwapani, nikachomoka.

Stesheni imejengwa juu ya nguzo. Magari yanapita chini yako kama mto. Ngazi hizo! Nafika juu nikihema, nani amesimama pale na thamosi nyekundu? Winfred! Amenitangulia!

Treni zinakuja pande mbili. Akaniuliza, "Baba Kawira, ya hospitali ni ipi?"

Nilikuwa na hakika ni ya kulia. Kwa hivyo nikamwambia ya kushoto. Mimi, nikasema, napitia sokoni kwanza. Akaniombea baraka. Nikapanda ya kulia nikicheka peke yangu.

Ilikuwa ya kushoto.

Nimefika mwisho wa reli. Watu wote wameshuka, nimebaki mimi na uji. Jina la hospitali nilikuwa nalo kwenye simu tangu asubuhi, lakini mwanamume wa Kianjai haulizi njia. Mama mmoja wa tikiti akaniongelesha Kiamhari. Nikamjibu kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru, kwa sauti kubwa zaidi. Wapi! Nikainua thamosi, nikabembeleza mtoto wa hewa mikononi, nikaonyesha simu. Akapiga vigelegele! Akaita wenzake. Wakanipa mkate, wakakataa pesa yangu ya tikiti, wakanipandisha treni ya kurudi na kumwagiza kondakta anishushe mahali panapofaa. Abiria wakanipisha kiti. Watu wa ajabu. Mungu awaongezee.

Hospitalini, Winfred ameshika mtoto. Ameshawaambia wote kwamba bila mimi angepotea. Kawira akasema, "Asante, baba," machozi yakimlengalenga. Ningefanya nini? Nikaipokea.

Kisha nikaona thamosi nyekundu. Haijafunguliwa. Winfred alikuwa amekataa kabisa. Akasema, "Uji wa mama yake ndio unatangulia. Wangu utangoja."

Kawira akanywa uji wa Kaari, akaomba kikombe cha pili. Nikageukia dirisha. Macho yaliniwasha kidogo.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mtoto ni Ciakuthii. Nimempigia Kaari nikimwandaa kwa huzuni. Akacheka! "Jina lilikuwa lao tangu mwanzo, Salesio. Nilikutuma na uji, sikukutuma vita."

Ni kweli. Winfred ni mama mwema. Nimeapa: hila basi, kuanzia leo.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Kawira amerudi nyumbani. Mtoto amenishika kidole, hataki kuachilia. Na Jumamosi mimi na Winfred tunapaa kurudi Kenya! Haiwezekani. Winfred na aende. Mimi nibaki na mjukuu wangu, peke yangu.

Nikajilaza chini nikishika kiuno. Nikasema mgongo umekatika, ndege siiwezi. Gedion akaniletea mito mitatu. Kawira akanifunika blanketi. Nawapenda watoto hawa.

Winfred ameahirisha safari. Anasema hawezi kumwacha mgonjwa ugenini. Amefungua dawa ya kuchua ya Ishiara, inayonuka hadi ngazini, na sasa anauchua mgongo wangu mzima kwa viganja vya mtu aliyelima maisha yake yote. Uuuwi! Mungu ampe maisha marefu.

Kesho mgongo utakuwa umepona. Litaanza goti.