Nisimamisheni na Mimi, Jamani

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Siku mbaya. Wanafunzi wangu wawili wamehamia kwa Breki. Breki ni mwalimu wa udereva wa ng'ambo ya barabara, mpinzani wangu miaka saba sasa. Jina hilo kalipata kwa sababu akifundisha, mguu wake hauondoki kwenye breki. Wiki iliyopita trafiki alimsimamisha. Breki akamwomba ataje jina, trafiki akagoma, Breki akarekodi yote. Video imezagaa nchi nzima. Sasa anaitwa mtetezi wa madereva. Yeye! Mtu asiyejua kuegesha kinyumenyume!

Leo redio imetangaza utaratibu mpya. Trafiki akikusimamisha, lazima ataje jina lake, namba yake ya kazi na sababu. Aandike kitabuni, akupe nakala. Dereva ana ruhusa ya kurekodi. Nimeisikiliza taarifa mara tatu. Mpango umejileta wenyewe: nisimamishwe, trafiki asahau kimoja, nirekodi. Breki kwisha habari yake.

Mke wangu ni fundi cherehani na hapendi maneno mengi. Aliuliza bila kuinua macho kwenye mashine: na akisema vyote? Nikamwambia haiwezekani. Miaka kumi na tisa barabarani, sijawahi kujua jina la trafiki hata mmoja.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Shemeji, kaka wa mke wangu, ni fundi simu. Amenifungia simu kwenye kioo cha mbele. Nimepita makutano ya soko mara sita. Hola! Mara ya tatu trafiki alizuia magari mengine ili mimi nipite. Mara ya sita alinipungia mkono. Tatizo ni kibao cha juu ya gari kilichoandikwa MWANAFUNZI. Wananionea huruma. Mafuta yameungua bure.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Nimeng'oa kibao. Nikavaa miwani myeusi na kofia. Nikaenda polepole kama mtu mwenye siri.

Nikasimamishwa! Nikabonyeza simu. Trafiki mnene, mwenye tabasamu, akainama dirishani.

"Samahani, mwalimu. Huna namba ya yule mwalimu wa kwenye video? Mke wangu anataka akajifunze kwake."

Nikasema sina. Ninayo.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Nimeamua kuwapa sababu. Asubuhi nilitoa balbu ya taa ya breki ya kushoto. Usukani nikampa mwanafunzi wangu, mama mwenye bucha, mtu mkavu sana. Shemeji akakaa nyuma na simu yake, eti atarusha mubashara. Nikamnong'oneza arekodi vizuri trafiki akiulizia taa ile, maana balbu nimeitoa mwenyewe, iko mfukoni mwangu. Akaniambia tayari tuko hewani. Sikumwelewa.

Makutano ya soko. Mkono juu. Afande wa kike, buti zinang'aa, kamera kifuani. Nikajikaza. Akatusalimia. Akataja jina lake. Akataja namba yake. Akasema sababu: taa ya breki ya kushoto haiwaki. Akasema kamera yake inarekodi, na sisi turekodi tukipenda.

Nikamwomba arudie jina. Akarudia. Nikamwomba alitaje herufi kwa herufi. Akalitaja, bila kukunja uso.

Akaniomba leseni. Nikampa kwa madaha. Akaigeuza, akaitazama, akanitazama.

"Mwalimu, hii imeisha muda tangu Februari."

Mama wa bucha akageuza shingo taratibu. Akanikumbusha kwamba somo langu la kwanza lilikuwa kukagua karatasi kabla ya kuwasha gari. Alisema kwa sauti. Kwa nini kwa sauti?

Afande akaandika, akanisomea alichoandika, akanipa nakala, akanionyesha namba ya kupiga nikiwa na malalamiko. Siruhusiwi kuendesha wala kufundisha mpaka nipate leseni mpya. Shemeji akachukua usukani. Mama wa bucha akashuka njiani, mbele ya ofisi ya Breki.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Watu elfu tisa walitazama. Wote wanamsifu afande. Mmoja ameuliza yule mzee wa balbu ni nani.

Breki alikuja kunipa pole. Akasema nikipenda nikafundishe alama za barabarani darasani kwake, kwa muda tu. Nilikataa kwa heshima. Alipoondoka nilipiga teke ndoo.

Mke wangu alisimamisha cherehani. Akauliza: tangu Februari umewakalisha watu wangapi kwenye hilo gari? Nikaanza kuhesabu. Akasema nisihesabu, nifikirie. Nikafikiria mpaka chai ikapoa. Ni wengi. Nilijisikia vibaya kweli.

Saa tisa simu ikalia. Chuo cha polisi! Wanaomba ruhusa ya kuwaonyesha askari wanafunzi ile video, wajifunze kumsimamisha dereva inavyotakiwa. Wamenialika nizungumze kidogo. Uso wangu watauficha kwenye video. Nimewakatalia. Uso uonekane!

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Ofisi ya leseni. Foleni, picha, kupima macho. Leseni itatoka Ijumaa. Nimeandika hotuba, kurasa tisa.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Chuo kilitaka kunitumia gari. Nikakataa. Nikionekana nashuka kwenye gari la polisi, mtaa utasema mengine. Nikaenda na langu. Leseni ni keshokutwa, siku mbili si kitu.

Video ikaonyeshwa. Nikazungumza dakika arobaini. Makofi, hasa nilipomaliza.

Nilipotoka, yule afande wa kike alikuwa kando ya gari langu. Akaniuliza limeletwa na nani. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Uwanja mzima tulikuwa wawili.

Akashusha pumzi. Akasema, basi, wanafunzi wake wapate mazoezi ya kweli. Akawapanga mstari, kumi na wawili. Mmoja mmoja wakaja dirishani: jina, namba, sababu, kitabu, nakala. Jua la saa sita. Nakala ya kwanza ni halali, nitaijibu mahakamani. Kumi na moja ni za mazoezi, zimepigwa mstari. Gari limebaki chuoni. Nimerudi kwa miguu.

Lakini sikiliza! Wa tisa, mwembamba, alisahau kutaja namba yake. Alisahau! Nimempata! Ila simu ilikuwa mfukoni, sikurekodi.

Shemeji anasema nimwache, yule bado anajifunza. Mke wangu ameongeza mwendo wa cherehani. Utaratibu haukusema anayejifunza haumhusu. Kesho asubuhi nitapita langoni kwao, nikiwa narekodi, mpaka yule mwembamba anisimamishe tena. Shemeji ana pikipiki. Sijawahi kuendesha pikipiki, lakini mimi ni mwalimu.