Ngamia Wanaoifuata Baiskeli Yangu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maji ya Bwawa Letu,
Njia ya Balambala, Garissa.

Abti Deeq,

Assalamu alaykum. Wewe ni kaka wa mama yangu, lakini leo nakuandikia kama mwananchi aliyedhulumiwa. Tafadhali soma barua hii ukiwa kwenye kiti cha ofisi, si kwenye mkeka wa chai.

Unajua Mzee Salah alikataa kunioza binti yake Jawahir mpaka niwe na usafiri wangu. Bei ya pikipiki siiwezi. Basi nikachukua baiskeli ya marehemu babu, nikanunua kwenu ile injini kuukuu ya pampu ya bwawa kwa bei ya chuma chakavu, nikaifunga kwa vipande vya tyubu. Tangi ni mtungi wa mafuta ya kupikia. Breki ni viatu vyangu. Wallahi inakwenda! Malalamiko yangu ni haya:

1. Kamati iliniuzia injini bila kunijulisha kuwa ina wafuasi. Ngamia wa kijiji kizima wamekunywa maji kwa mlio ule tangu wakiwa ndama. Nikiiwasha tu, wanaacha majani mdomoni na kunifuata, wakidhani wanapelekwa majini.

2. Nikiizima, hawaondoki. Wananizunguka na kunitazama kana kwamba ni mimi niliyefunga bomba. Mmoja alilamba tangi, akakohoa petroli asubuhi nzima, na bado akanifuata.

3. Kwenye kizuizi cha barabarani, polisi hakuniuliza leseni. Aliniuliza kibali cha kusafirisha mifugo! Niliapa kuwa siwajui wale ngamia, lakini niliposimama nao walisimama. Nani angeniamini?

4. Hili ndilo limeniuma. Nilifika kwa Mzee Salah na msafara wote, sina fimbo, sina mchungaji. Mzee akatoka, akawahesabu kwa kidole, akamshukuru Mungu, akachinja mbuzi. Anadhani ni mahari! Kila nilipofungua mdomo nieleze, walinitia nyama. Kisha akaniambia niwatunze mpaka siku ya nikahi, nami nikarudi nao kwa injini ileile.

Abti, mimi ni mtu mwaminifu. Siwezi kuoa kwa ngamia wa majirani. Naiomba Kamati iitishe mkutano pale bwawani na kuwatangazia ngamia, kwa lugha wanayoielewa, kwamba injini ile imestaafu. Pia mtumeni mtu mwenye ulimi mtamu akamweleze Mzee Salah ukweli wote, hata kama nitamkosa Jawahir. Nikimkosa nitalia mbele ya watu, wala sitaona haya.

Nisalimie Mama Nurto na watoto, wanakamati wote, na ngamia pia, maana sina chuki nao.

Wako mtiifu, ingawa nimedhulumiwa,
Diriye Isak,
Fundi wa redio.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga bahasha Jawahir aliponipigia simu. Nikahi ni Ijumaa! Basi achaneni na mkutano, na yule mwenye ulimi mtamu abaki kwake. Ninachoomba ni pampu mpya isiwashwe Alhamisi, ili ngamia wawe na kiu ya kutosha kunifuata Ijumaa hadi kwa Mzee Salah. Jawahir anajua kila kitu. Amecheka mpaka simu ikakatika. Baada ya walima nitawasha injini na watanifuata nyumbani kama kawaida yao. Isipokuwa yule jike mweupe anayetangulia, kwa sababu Mzee Salah ameshamtafutia kamba na kumpa jina. Ni wako, Abti. Ahsante sana kwa mchango wako.