Kiti cha Bwana Aliyekwama Katoro

Leo nimejiaibisha mbele ya Wazungu sita na bakuli la viazi. Nawaelezeni mwenyewe, jamani, kabla hamjasikia kwa mpishi, maana mpishi ataongeza chumvi.

Mnajua Mzee Salumu anarudi kwao Tabora. Amekuwa msimamizi wa mezani nyumbani kwa Bwana Meneja tangu mgodi huu haujawa na barabara ya maana, na sasa miguu inamuuma. Memsahibu aliniambia asubuhi kwamba leo nitahudumu peke yangu, Mzee Salumu abaki jikoni, na yeye Memsahibu mwenyewe atanitazama. Nikifaa, nafasi ni yangu. Nikapiga pasi kanzu mara mbili. Tarbushi nikaipangusa vumbi kwa mate. (Msiseme mtu.)

Wageni walifika wakati mvua inaanza. Walikuwepo daktari na mkewe, Bwana Injinia kijana aliyetoka Johanesibagi, na mama mmoja mzee, shangazi yake Memsahibu, ambaye amekaa Uhindi karibu maisha yake yote na sasa amekuja kutembea. Mama huyu haoni vizuri na hapendi kuvaa miwani mezani. Mgeni mwingine hakufika. Habari zililetwa kwamba gari lake limenasa kwenye tope upande wa Katoro. Basi kiti chake kikabaki kitupu, kati ya mama mzee na daktari, na sahani imepangwa.

Supu ikaenda vizuri. Nyama ikaenda vizuri. Nikaingia na viazi.

Hapo ndipo walipoanza mazungumzo yao ya ugenini. Mnawajua Wazungu wakishiba: kila mmoja anapima nchi alizowahi kuishi, wapi maisha ni mazuri, wapi mabaya. Kiingereza changu nimekiokota mezani pamoja na makombo, lakini kwa mazungumzo hayo kinatosha. Daktari alisema Gold Coast, kule Afrika ya magharibi, watu ni wachangamfu, ila homa ilimlaza kila mwezi. Bwana Injinia akasema hakuna kama Johanesibagi, taa zinawaka usiku kucha na barafu inauzwa dukani, na hapa Geita mtu anaoza tu. Memsahibu akanung'unikia mkate.

Ndipo mama mzee akaanza kuisimulia Uhindi yake. Alisema wakati wa joto walihamia mji wa milimani. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Unakaa barazani na shali mabegani. Yupo mtu wa kuleta chai, yupo mtu wa viatu, yupo mtu ambaye kazi yake ni kuwasha taa, basi. Hakuna anayeharakisha kitu.

Sauti yake ni ya chini, na mvua ilikuwa inapiga bati pole pole. Nimesimama tangu alfajiri. Bakuli lina joto zuri kifuani. Nikaondoka, ndugu zangu. Mwili ulibaki Geita, mimi nikaenda.

Nilifika kwenye ule mlima. Ukungu ukanipita miguuni. Nilikuwa na shali, la kijani, sijui nani alinipa. Chini kule niliona ng'ombe wanakwenda kunywa, wengi, wana mabaka kama ng'ombe wa baba yangu, nikashangaa wamefikaje Uhindi. Mtu wa chai akaja. Alikuwa mpole sana. Akavuta kiti nyuma yangu, akaniashiria nikae.

Nikakaa.

(Naona mmeshaelewa. Subirini kidogo.)

Kiti kilikuwa na mto. Nikaweka bakuli mapajani, nikaegemea, nikavuta pumzi. Nadhani hata kile kitambaa cha mezani nilikichukua. Mama mzee, kwa macho yake yale, aliona kitu cheupe kimekuja kukaa kando yake, akadhani ni yule bwana wa Katoro amefika na suti yake. Akanigeukia kwa adabu, akaniuliza kwa Kiingereza, nami katika nchi zote nilizokaa, ni wapi nimeona maisha mazuri zaidi.

Nami nikamjibu. Kwa utulivu kabisa.

"Mhunze, mayu," nikasema, kama ninavyomwita mama yangu. "Ila kwa mvua, hapa Geita ni bora."

Kijiko cha mtu kikaanguka. Ukungu ukaisha wote mara moja, nikaona ukuta wa Bwana Meneja na nyuso zinanitazama. Hakuna aliyetafuna. Memsahibu alikuwa na rangi ya nyanya.

"Masanja," akasema Bwana Meneja, polepole.

Nikainuka upesi. Kanzu ilikuwa imebanwa chini ya mguu wa kiti, basi nikarudi nilikotoka kwa kishindo, na viazi vikapanda juu. Kimoja kilitua kwenye glasi ya daktari. Vingine vikatembea mezani kila kimoja na njia yake, na kimoja kikaenda kulala mapajani mwa mama mzee, na siagi yake.

Mama akavaa miwani. Akakitazama kiazi, akanitazama mimi, akauliza nimesema nini. Bwana Meneja, anayejua Kiswahili, ikabidi atafsiri. Mwanaume mzima anatafsiri ujinga wangu neno kwa neno. Bwana Injinia aliinamia sahani, mabega yanatetemeka.

Mama hakucheka. Akauliza Mhunze ni wapi. Akaambiwa ni mbali, upande wa Shinyanga, nchi kavu. Akasema basi na mimi niko ugenini kama wao, na akataka ajue kinachonisumbua huku. Bwana Meneja akaniamuru nijibu. Nimesimama, bakuli tupu mkononi, tarbushi imeangukia sikio.

Nikasema kweli. Nikasema huku mihogo ni mingi na watu wametupokea vizuri, lakini ndorobo, wale inzi wanaouma, wanaua ng'ombe, hakuna maziwa, na mimi nimelelewa kwa maziwa. Haya ya kopo yana ladha ya kopo.

Bwana Meneja alipomaliza kutafsiri, mke wa daktari akapiga meza. Akasema ndicho anachokisema yeye kila siku na mumewe hamsikii. Bwana Injinia naye akaingia, kumbe Johanesibagi maziwa yanaletwa mlangoni. Wote wakaanza kulia habari ya maziwa kwa pamoja. Mimi nikasahauliwa palepale, nikapiga magoti kuokota viazi kati ya viatu vyao. Memsahibu peke yake hakusahau. Nilipokuwa chini ya meza aliinama, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba usimamizi ataupata Petro, mwenzangu wa jikoni, na mimi kuanzia kesho ni wa kuosha sufuria.

Nikarudi jikoni. Mzee Salumu alikuwa kwenye kigoda chake, amesikia yote. Nilisubiri anikemee. Ndiye aliyenifundisha kushika sahani, na leo nimemwangusha. Akasugua magoti. Kisha akatazama mlango kama umefungwa vizuri.

"Miaka yote hii nimekuwa nakifuta tu," akasema. "Hebu niambie, kiti chenyewe ni laini?"

"Laini, mzee. Kina mto."

Akafumba macho kidogo, akatikisa kichwa. Nadhani naye alikwenda mahali.

Basi ndiyo hayo. Atakayetaka kucheka acheke akiwa amesimama, maana mimi nimeona kukaa kunavyogharimu.